Mafua yasiyoisha ya paka mzee: Chanzo chake na namna ya kumtunza

BARIDI ya mwezi Julai inapotanda Githurai 45, wakazi hufunga madirisha mapema, huwasha jiko na kujitanda mablanketi. Katika baadhi ya nyumba, anayeumia kimyakimya msimu huo ni paka. Huanza kwa kupiga chafya mara moja moja. Kisha macho hutoa machozi, pua huziba kwa kamasi, naye hukataa chakula. Baada ya wiki mbili hivi hupata nafuu, na mwenyewe hushusha pumzi. Mwezi mmoja au miwili ikipita, hali ile ile hurejea.

Kwa paka aliye katika umri wa makamo, maradhi haya huweza kuja na kwenda bila kuacha athari kubwa. Kwa paka aliyetimiza miaka 12 au 15, kila wimbi la mafua humwacha akiwa amekonda na kudhoofika zaidi ya awali. Ndipo mwenyewe hukabiliwa na maswali mazito. Ni ugonjwa gani huu usiopona? Ni dawa ipi itakayoukomesha? Na je, wakati wa kumwacha mnyama huyo apumzike umewadia?

Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Hata hivyo, kutomwinga pekee hakutoshi. Paka wengi wazee hudhurika zaidi kwa sababu wanaowapenda hawajui kinachowasibu, hivyo huwapa dawa zisizofaa au hungoja mno kabla ya kutafuta msaada.

MGENI ASIYEONDOKA

Jambo la kwanza ambalo mfugaji hana budi kulifahamu ni kwamba mafua yanayorudi rudi aghalabu si ugonjwa mpya kila mara. Ni ugonjwa ule ule wa zamani ambao haukutoka mwilini.

Mafua mengi ya paka husababishwa na virusi vya aina mbili: hepesi ya paka na kalisi. Paka wengi huambukizwa wangali wachanga, wakinyonya au wakichangia sahani na paka wengine wa mtaani. Dalili zikishatoweka, virusi vya hepesi haviondoki. Hujificha katika neva za uso na kukaa humo maisha yote ya mnyama, mithili ya kaa la moto lililofukiwa kwenye majivu.

Kaa hilo hupulizwa na msukosuko wowote. Kuhamia nyumba nyingine, kuletwa kwa paka mgeni, kelele za ujenzi, baridi kali, njaa, au ugonjwa mwingine huweza kuviamsha virusi hivyo. Inakadiriwa kwamba huanza kutoka tena kati ya siku 4 na 11 baada ya msukosuko wenyewe. Kwa sababu ya muda huo kupita, wengi hushindwa kuhusisha mambo hayo mawili. Familia huhama Jumamosi, paka huanza kupiga chafya Jumamosi inayofuata, na lawama hutupiwa chakula alichokula asubuhi hiyo.

Virusi vya kalisi navyo huweza kuendelea kutoka mwilini kwa miezi au hata miaka, na mara nyingi huleta vidonda kinywani na ulimini. Paka mwenye vidonda hivyo huisogelea sahani akionyesha njaa, hulamba mara moja, kisha hurudi nyuma.

Zaidi ya virusi, wako bakteria wanaovamia pua iliyokwisha kujeruhiwa. Kamasi jepesi kama maji hugeuka kuwa zito la rangi ya manjano au kijani. Mashambulizi yakirudiwa kwa miaka mingi, mifupa myembamba iliyo ndani ya pua huliwa na kupoteza umbo lake. Kazi ya mifupa hiyo ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja. Ikishaharibika haijengeki upya. Kuanzia hapo pua huwa kama mlango uliovunjika kitasa: kila mpita njia huingia.

Hii ndiyo sababu daktari mwaminifu hatamwahidi mfugaji kwamba paka wake atapona kabisa. Ahadi iliyo ya kweli ni kwamba mashambulizi yanaweza kupunguzwa, yakawa mepesi na ya muda mfupi.

Habari njema ni kwamba virusi hivi viwili havimwambukizi binadamu. Mtoto anayepata mafua wakati mmoja na paka hajayatoa kwake. Hata hivyo, mtu mwenye pumu huweza kusumbuliwa na protini iliyo katika mate ya paka, ambayo husambaa kwenye manyoya anapojilamba. Hilo ni suala tofauti la mzio.

SI KILA CHAFYA NI MAFUA

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kwa kuwa paka aliwahi kuwa na mafua mara tano, basi na mara ya sita ni mafua. Uzee huja na maradhi mengine yanayojifanya kuwa hayo.

Jino lililooza katika taya la juu huweza kutunga usaha unaopenya hadi kwenye pua. Uvimbe unaweza kuota ndani ya pua. Ukungu unaopatikana kwenye kinyesi cha njiwa, ndege wanaojazana kwenye mapaa ya mabati na ghorofa nyingi za Nairobi na Kiambu, unaweza kuota puani na kulivimbisha komwe la pua. Ishara ya kutilia shaka ni kamasi kutoka katika tundu moja tu, damu kuchanganyika nalo, au uso kuvimba upande mmoja. Dalili hizo hazifai kusubiriwa ziishe zenyewe.

Vile vile, ipo tofauti kati ya chafya na kikohozi. Chafya ni ya pua. Kikohozi ni cha mirija ya hewa na mapafu. Paka anayekohoa hujikunyata, hunyoosha shingo mbele karibu na sakafu na kutoa sauti ya kukwaruza, kiasi kwamba wengi hudhani anajaribu kutapika nywele. Akifanya hivyo mara kwa mara bila kutapika chochote, huenda ana pumu. Paka hupata pumu kama binadamu, na huchokozwa na mambo yale yale: moshi, vumbi na manukato.

Minyoo ya mapafu nayo husababisha kikohozi. Paka huipata kwa kula konokono, au panya na ndege waliokula konokono wenye viluwiluwi vyake. Paka anayewinda kwenye mitaro na vishamba vya sukuma wiki yuko katika hatari hiyo, na dawa yake ipo.

Halafu upo moyo. Paka wengi nchini hulishwa ugali na maziwa maisha yao yote. Chakula hicho hakina taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho paka hupata katika nyama na samaki na ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kiwango kinachohitajika. Upungufu wake huulegeza moyo, maji hujaa kifuani, na mnyama huanza kuhema. Mwenyewe husema ana mafua ilhali pua yake ni kavu na safi.

HEWA YA GITHURAI

Githurai 45, iliyopata jina lake kutokana na nambari ya matatu zinazohudumu huko, ni miongoni mwa mitaa yenye shughuli nyingi zaidi kando ya barabara kuu ya Thika. Soko, reli, kituo cha magari na maelfu ya vyumba vya kupanga vimebanana mahali pamoja. Barabara yenyewe ilipanuliwa kati ya mwaka wa 2009 na 2012, na msongamano wa magari na watu haujapungua. Moshi wa injini na vumbi la vichochoro huingia hadi orofa za juu.

Hayo mfugaji hana uwezo wa kuyabadilisha. Yaliyo mikononi mwake ni yale yanayotendeka ndani ya chumba chake.

La kwanza ni jiko. Makaa na mafuta taa hutoa chembechembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Katika chumba kimoja ambamo watu hupikia na kulala, paka huwa karibu na jiko kuliko wote kwa sababu anatafuta joto. Jiko la makaa liwashiwe nje hadi moshi uishe, na dirisha liachwe wazi likiwa ndani. Kulala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa familia nzima, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

La pili ni sigara. Mwaka wa 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba paka wanaoishi na wavutaji sigara walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya limfu wakilinganishwa na wasioishi nao. Paka huuvuta moshi, kisha huulamba masalio yake kwenye manyoya anapojisafisha.

La tatu ni dawa za mbu za kuchoma, udi, manukato ya kunyunyiza na dawa za kuua mende. Katika nyumba yenye paka mwenye kifua kibovu, chandarua ni bora kuliko dawa ya kuchoma. Ikiwa ni lazima kunyunyiza dawa ya wadudu, paka atolewe, na nyumba ipitishwe hewa kwa saa kadhaa kabla ya kurudishwa.

La nne ni choo chake. Vumbi laini la mbao au udongo mkavu unaotimka kila anapofukua humwingia puani moja kwa moja. Mchanga mzito uliooshwa na kuanikwa, au vipande vya magazeti, hutimua vumbi kidogo zaidi.

DAWA ZINAZOUA

Hapa ndipo mapenzi hugeuka kuwa sumu. Mtu anapomwona paka wake akihema kwa mafua, wazo la kwanza ni kumpa kile ambacho yeye mwenyewe hutumia.

Parasetamoli, dawa iliyo karibu katika kila nyumba, humuua paka. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunjavunja dawa hiyo. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu hadi zikashindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, na kifo huweza kufuata. Tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka wa kawaida. Hakuna kipimo cha dawa hiyo kilicho salama kwake, hata robo.

Mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, ambao wengi huutegemea wakati wa homa, nao haumfai. Vitunguu vya aina zote, vibichi au vilivyopikwa, hupasua chembe nyekundu za damu ya paka. Marhamu ya kifua yenye kafuri na mentholi pia ni marufuku: paka akipakwa atairamba, na akivutishwa mvuke wake mirija yake hukereka zaidi. Mafuta ya mkaratusi yako katika kundi hilo hilo.

Suala la viuavijisumu linahitaji uangalifu wa pekee. Ni rahisi kuingia katika agroveti na kutoka na chupa ya dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa kilo 400. Kuipima kwa paka wa kilo 4 ni kamari. Zaidi ya hayo, viuavijisumu havigusi virusi. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa maradhi ya wanyama uliochapishwa mwaka wa 2017 unapendekeza kwamba paka mwenye chafya na kamasi jepesi, lakini anayekula na kucheza, asipewe dawa hizo. Zifikiriwe pale kamasi linapokuwa zito na kuandamana na homa, unyonge au kukataa chakula, au dalili zinapozidi siku 10 bila kupungua.

Dawa inayopendekezwa kwanza katika hali hiyo ni doksisaiklini, kwa kipimo cha daktari. Ikiwa ni tembe, ni lazima ifuatwe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kijiko cha chakula laini. Tembe hiyo ikikwama kooni mwa paka huunguza na kuacha kovu ambalo huweza kumzuia kumeza maisha yake yote.

Kenya ilizindua sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa vijidudu dhidi ya dawa mwaka wa 2017. Sera hiyo inahusu binadamu na wanyama pia. Kila kipimo cha dawa kinachotolewa kiholela kwa paka wa nyumbani huchangia kuwafunza bakteria namna ya kuishinda dawa ambayo huenda mtoto wa nyumba hiyo hiyo akaihitaji kesho.

Sindano za steroidi nazo si za kuombwa ovyo. Kwa paka mwenye pumu ni msaada mkubwa, na wapo wanaotumia inhela yenye kifuko maalumu cha kufunika pua na mdomo. Hata hivyo, kwa paka aliye na hepesi, steroidi huweza kuviamsha virusi vilivyolala. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia dawa.

MATUNZO YA NYUMBANI

Msaada mkubwa zaidi kwa paka mzee hautoki kwenye chupa ya dawa bali kwenye mikono ya anayekaa naye.

Pua isafishwe. Pamba iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu ipitishwe taratibu kwenye pua na macho, kutoka ndani kwenda nje, mara mbili au tatu kwa siku. Kila jicho litumie pamba yake. Kamasi lililokauka lisibanduliwe kwa kucha bali liloweshwe hadi lilainike.

Mvuke husaidia kulegeza kamasi. Paka awekwe katika kikapu chenye kifuniko au kizimba chake, karai la maji ya moto liwekwe kando, mbali na makucha yake, kisha vyote vifunikwe kwa shuka nyepesi huku upenyo wa hewa ukiachwa. Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, zinatosha. Maji yawe matupu, bila dawa wala mafuta yoyote. Asiachwe peke yake, na akianza kuhema zaidi atolewe mara moja.

Chakula ndicho kipimo cha uhai wake. Paka hula kwa kunusa. Pua ikiziba, nyama iliyo mbele yake haimvutii. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea, hali inayoweza kumuua upesi kuliko mafua yenyewe. Kwa hiyo chakula kipashwe joto kama la mwili, nyuzi 37 au 38 hivi, ili harufu ipande. Omena waliochemshwa na kupondwa pamoja na supu yao, au nyama ya kuku iliyokatwa laini, huwarudishia wengi hamu. Visitiwe chumvi, vitunguu wala viungo vya mchuzi. Apewe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, katika sahani pana ya kina kifupi. Maziwa ya ng'ombe si badala ya chakula, kwani paka wakubwa wengi huharishwa nayo, na kuhara humkausha maji zaidi. Vyakula hivi ni vya kumvusha siku za ugonjwa. Akipata nafuu arudi kwenye chakula kamili cha paka, si cha mbwa.

Maji yawekwe mahali zaidi ya pamoja, mbali na choo chake. Paka wazee wengi wana figo zilizochoka, na ukosefu wa maji huligeuza kamasi kuwa gundi.

Joto ni tiba. Usiku wa Julai, hali ya hewa katika maeneo ya Ruiru huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Sanduku la katoni lililotandikwa sweta kuukuu, likainuliwa kutoka sakafu ya saruji na kuwekwa mbali na upepo wa mlango, linamtosha. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa leso iwekwe upande mmoja ili ahame akihisi joto limezidi.

Utulivu ni tiba pia. Sahani, choo na kitanda visihamishwe hamishwe. Paka mpya asiletwe nyumbani wakati mzee anaugua. Ikiwa familia inahama, kitambaa chake cha kulalia kisifuliwe kabla ya safari, maana harufu yake mwenyewe ndiyo itakayomwambia kwamba amefika nyumbani.

Iwapo wapo paka wengine, kila mmoja awe na sahani yake, na mikono ioshwe baada ya kumhudumia mgonjwa. Virusi vya hepesi hufa nje ya mwili ndani ya siku moja hivi, lakini vya kalisi huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa vipimo 32 vya maji, huviua kwenye sahani na sakafu. Vyombo visuuzwe vyema, na mgonjwa asiwe chumbani harufu ya klorini ikiwa bado kali.

Chanjo ya mafua ya paka haiondoi virusi vilivyokwisha kujificha, ila hupunguza ukali wa mashambulizi. Daktari ndiye wa kuamua ikiwa mnyama mzee ana nguvu za kuipokea na lini.

DAFTARI NA MIZANI

Paka hurithi tabia za paka pori wa Afrika, mnyama mdogo anayewinda na kuwindwa. Akionyesha udhaifu huliwa. Ndiyo sababu hata aliye nyumbani huficha maumivu hadi hali inapokuwa mbaya. Mfugaji hana budi kumsoma kwa vipimo, si kwa kumtazama tu.

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Paka akiwa amelala, hesabu kifua kinapanda na kushuka mara ngapi katika sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa kawaida huwa chini ya 30 kwa dakika. Zikizidi hapo siku baada ya siku, daktari aonwe.

Kipimo cha pili ni uzito. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 64 kupoteza kilo 8. Mizani ya dukani au ya jikoni inatosha, mara moja kwa mwezi.

Cha tatu ni daftari. Tarehe ya kila shambulio, dalili zake, alichokula, na lililotokea nyumbani wiki mbili zilizotangulia viandikwe. Baada ya miezi sita mfugaji ataanza kuona mkondo: labda ni kila mara jirani anapopaka rangi, au kila msimu wa baridi. Daktari atashukuru kupata ukurasa huo kuliko maelezo ya mdomo.

PA KUPATA MSAADA

Waganga wa mifugo wengi katika kaunti ya Kiambu wamezoea ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku, lakini wapo wanaohudumia wanyama wadogo. Sheria ya mwaka wa 2011 inamtaka kila daktari wa mifugo na msaidizi wake awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, KVB, na mteja ana haki ya kuuliza kuhusu usajili huo. Kitivo cha Utabibu wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo. Chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1910, kiko Karen.

Kutoka Githurai hadi Kabete au Karen ni safari ya kuvuka jiji. Paka asibebwe mkononi ndani ya matatu. Kikapu chenye kifuniko au katoni imara yenye matundu, iliyofunikwa kwa leso, humkinga na moshi na woga. Ni vyema kupiga simu kwanza na kuuliza gharama ya kumwona daktari, ya kupima damu na ya picha ya eksirei, ili fedha zilizopo zitumike kwa kipimo chenye manufaa zaidi.

Yapo mambo yasiyongoja asubuhi. Paka anayehema kwa mdomo wazi, tofauti na mbwa, yumo hatarini. Vivyo hivyo aliye na ufizi wa samawati au mweupe, anayevuta pumzi kwa kusukuma tumbo huku amekunja viwiko nje, au aliyekaa saa 24 bila kula wala kunywa. Paka huyo asilazimishwe kumeza chochote, wala asibanwe kifua. Apelekwe akiwa ametulia.

SIKU YA KUACHILIA

Hata matunzo bora yana mwisho. Paka wa miaka 15 analinganishwa na binadamu wa miaka 76 hivi. Itafika siku ambapo vipindi vya nafuu vitakuwa vifupi kuliko vya ugonjwa.

Njia moja ya kupima bila kudanganywa na mapenzi wala kukata tamaa mapema ni kuandika mambo manne au matano ambayo paka huyo aliyapenda: kupanda dirishani alfajiri, kumlaki mwenyewe mlangoni, kujilamba baada ya mlo, kulala miguuni pa mtoto. Kila jioni, siku njema ipigwe alama kwenye kalenda, na mbaya ipigwe yake. Mbaya zikizidi njema kwa wiki kadhaa, na daktari akathibitisha kwamba hakuna tiba iliyosalia, kumlaza kwa dawa ya daktari ni tendo la huruma. Mnyama hulala usingizi mzito kwanza, kisha moyo husimama. Hahisi maumivu.

Lisilo la huruma ni lile linalotendeka usiku katika mitaa mingi: paka mgonjwa kutiwa guniani na kutupwa sokoni au kando ya reli ajitafutie. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Paka mzee aliyeziba pua hawezi kunusa chakula wala kumhisi mbwa anayemnyemelea. Hufa kwa njaa na hofu, karibu na nyumba aliyoilinda dhidi ya panya kwa miaka 10 na zaidi.

Baina ya kumtupa na kumponya kabisa, jambo lisilowezekana, ipo njia ya kati iliyo ndani ya uwezo wa mkazi yeyote wa chumba cha kupanga: dirisha lililofunguliwa jiko linapowaka, supu ya omena iliyopashwa joto, pamba na maji ya uvuguvugu, katoni yenye sweta kuukuu, na daftari lenye tarehe. Kwa paka wengi wazee, hayo ndiyo yanayoamua ikiwa Julai hii itakuwa ya mwisho au la.